Constantinople ilitekwa mara mbili: ya 1204 iliubomoa mji, ya 1453 ikaujaza watu upya

Mzee wa Nyaraka (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila inapokaribia tarehe 29 Mei mada ya kuanguka kwa Constantinople (Istanbul ya leo) hurudi, na kila mwaka nasoma yale yale tuliyokariri sekondari: Waturuki waliuteka mji 1453, wakafunga njia ya viungo, Ulaya ikakosa pilipili manga, Wareno wakalazimika kuizunguka Afrika, Vasco da Gama akatia nanga Malindi 1498. Simulizi hii inashikika kichwani kirahisi, lakini ukiivuta kidogo inakatika, na nitaeleza inakatikia wapi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa kung'ang'ania athari ambazo hazikuwepo, tunazipita zile zilizopo mpaka leo, tena nyingine zimefika hadi kwenye makanisa ya Kenya na Uganda.

Hoja yangu ni hii. Mji ule ulitekwa mara mbili. Waliouteka mara ya kwanza walikuja kuchukua. Aliyeuteka mara ya pili alikuja kuhamia. Karibu kila kilichodumu kinatokana na tofauti hiyo.

Tuanze na 1204, maana ndiyo inayosahaulika. Mji ulizinduliwa na Constantine mwaka 330, na kuta zake kuu za upande wa nchi kavu ni za karne ya 5, enzi za Theodosius wa Pili. Waavari walishindwa hapo 626. Waarabu walishindwa hapo 717 hadi 718. Jeshi la kigeni la kwanza kuingia kwa nguvu na kuutwaa mji lilikuwa la Wakristo, chini ya bendera ya Vita vya Msalaba vya Nne.

Wale walikusudia kwenda Misri. Walikuwa wameagiza merikebu Venice kwa idadi ya askari ambao wengi wao hawakutokea, na deni likawakaba. Ndipo akatokea mtoto wa kaisari aliyepinduliwa wa Bizanti (dola ya Warumi wa Mashariki, iliyotawaliwa kutoka mji huo), akawaahidi fedha nyingi kuliko uwezo wa hazina ya nchi yake ili wamrudishe babake kitini. Wakamrudisha. Fedha hazikukamilika. Aprili 1204 wakaugeukia mji wenyewe, wakapora siku tatu.

Farasi wanne wa shaba wakapelekwa Venice na kupandishwa juu ya kanisa la Mtakatifu Marko. Wapo hadi leo; walioko nje ni nakala, wenyewe wamewekwa ndani. Masanamu ya shaba yaliyokuwa yamesimama barabarani tangu enzi za kale yakayeyushwa yawe sarafu. Niketas Choniates, ofisa wa Bizanti aliyekuwepo, aliyaorodhesha moja moja kwa uchungu, na kadhaa kati yake tunayajua kwa sababu yeye aliandika.

Walatini, yaani hao wavamizi kutoka Ulaya Magharibi, wakatawala miaka 57, na muda wote huo walikuwa na njaa ya fedha. Kaisari wao wa mwisho, Baldwin wa Pili, aling'oa madini ya risasi kwenye mapaa ya majumba akayauza. Utawala wake uliweka rehani hata Taji la Miiba, masalia matakatifu kuliko yote mjini. Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa akalikomboa na kulijengea Sainte-Chapelle pale Paris. Taji hilo ndilo lililookolewa Notre-Dame ilipoungua Aprili 2019. Na Baldwin alimweka rehani hata mwanawe wa kumzaa, Philip, kwa wafanyabiashara wa Venice. Utawala unaofika hapo haujengi kitu.

Nitaendelea na sehemu ya pili. Karibuni.

Msomaji wa Usiku

Nafuatilia mkuu. Hili la mtoto kuwekwa rehani sikuwahi kulisikia popote.

Mzee wa Nyaraka

Sehemu ya pili: kwa nini 1204 ndiyo iliyofungua mlango wa 1453.

Wagiriki waliokimbia walianzisha vijidola vyao, mkubwa ukiwa Nicaea, ng'ambo ya Asia. Nicaea iliendeshwa vizuri: mpaka wa mashariki ulilindwa, wakulima walikuwa na nafuu. Julai 1261 watu wa Michael wa Nane Palaiologos wakaurudisha mji karibu bila kupigana. Furaha kubwa. Lakini kuanzia hapo fedha zilielekezwa kwenye kuukarabati mji uliochakaa na kujikinga na maadui wa magharibi waliotaka kurudi. Mpaka wa Asia ukaachwa. Na ni kwenye mpaka huo huo, katika jimbo la Bithynia, ambako miaka ya 1300 alichomoza kiongozi mdogo wa Kituruki aitwaye Osman. Wajukuu zake ndio Waosmani. Kwa hiyo anayetafuta chanzo cha 1453 asianzie kwenye mizinga ya sultani wao Mehmed. Aanzie kwenye ufa uliofunguka 1204 na namna ulivyozibwa vibaya 1261.

Kilichofuata kinasikitisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha tauni ya 1347. Mwaka huo huo John wa Sita alitawazwa akiwa na vito vya kioo, kwa kuwa vito halisi vya taji vilikuwa rehani Venice, na havikukombolewa kamwe. Mji uliowahi kuwa na watu laki kadhaa ukabaki na takriban 50,000, na ndani ya kuta kulikuwa na mashamba na bustani kati ya mtaa na mtaa. Kaisari Constantine XI alipoagiza wanaume wanaoweza kushika silaha wahesabiwe 1453, Wagiriki hawakufika 5,000. Ukijumlisha wageni walikuwa kama 7,000, wa kulinda kuta ndefu kiasi kile.

Mapigano yenyewe mnayajua: ngome ya Rumeli Hisarı iliyosimamishwa ndani ya miezi michache ya 1452 kwenye koo la Bosporus (mlango-bahari unaoelekea Bahari Nyeusi), mizinga ya fundi Orban kutoka Hungaria, meli zilizoburutwa nchi kavu mwezi Aprili kuingia Pembe ya Dhahabu (bandari ya mji), siku 53 za kuzingirwa, na Jumanne ya tarehe 29 Mei. Hadi leo wapo Wagiriki wanaoiona Jumanne kuwa siku ya nuksi.

Sasa tazama alichofanya Mehmed wa Pili, kijana wa miaka 21, baada ya hapo. Tarehe 1 Juni tayari aliwapa Wagenoa (wafanyabiashara wa Genoa, Italia) wa mtaa wa Galata hati ya kulinda mali na biashara yao. Alimtafuta mtawa Gennadius Scholarius, aliyekuwa ametekwa na kuuzwa utumwani, akamrudisha na Januari 1454 akasimikwa kuwa Patriarki, yaani kiongozi mkuu, wa Waorthodoksi. Akajenga soko la kuezekwa ambalo ndilo kiini cha Soko Kuu la Istanbul tunaloliona leo. Akaanza kasri la Topkapı. Akaleta watu: Waislamu wa Anatolia, Wagiriki wa Trebizond baada ya 1461, Waarmenia, Wayahudi, watu wa Caffa baada ya 1475. Hesabu ya mwishoni mwa miaka ya 1470 ilikuta zaidi ya kaya 16,000 Istanbul na Galata, na kama asilimia 40 hazikuwa za Waislamu. Chini ya karne moja baadaye ukawa mji mkubwa kuliko wowote wa Ulaya.

Mji uliokuwa unakufa ukapona, ila mikononi mwa mwingine.

Binti Kilwa

Mzee wa Nyaraka, shikamoo. Uzi mzuri lakini naona 1453 umeipaka rangi nzuri kupita kiasi. Uporaji ulikuwepo pia. Watu walichinjwa, maelfu wakafungwa kamba na kuuzwa, familia zikatawanywa. Hagia Sophia, kanisa kuu la mji, ikageuzwa msikiti siku zile zile. Kanisa la Mitume Watakatifu, walikozikwa makaisari, likabomolewa likajengwa msikiti wa Fatih juu yake. Na hao "alioleta", wengi hawakuulizwa kama wanataka kuja. Mtu anayehamishwa na serikali kwa nguvu, akaacha shamba na makaburi ya wazee wake, kwake huo si ukarabati wa mji. Naomba nalo liandikwe.

Mzee wa Nyaraka

Marahaba mwanangu. Liandikwe, na kwa herufi nzito. Hao watu wa Karaman na Trebizond walihamishwa kwa amri ya sultani, na wako waliotoroka kurudi makwao. Waliouzwa utumwani mwezi Mei ile hawakuona soko jipya wala kasri.

Ninachosisitiza ni cha aina nyingine. Mateso ya siku ya kutekwa yalikuwepo 1204 na yalikuwepo 1453. Kinachoamua mji utakuwaje miaka mia baadaye ni kama mtekaji anahitaji mji huo uishi. Venice haikuhitaji Constantinople iishi. Ilihitaji bandari na masharti ya biashara. Mehmed aliuhitaji uishi, kwa sababu alikusudia kutawala akiwa pale, na alijiita Kaisari wa Rumi. Msikiti wa Fatih juu ya makaburi ya makaisari ulikuwa tangazo la jambo hilo hilo: mimi ndiye mwenye kiti sasa. Ni ukatili na ni ujenzi kwa pamoja, na sioni namna ya kuvitenganisha.

Mwalimu wa Kidato

Mimi nafundisha historia. Rudi kwenye pilipili manga mkuu, maana wanafunzi wangu wanaandika hilo kwenye mitihani.

Mzee wa Nyaraka

Mwalimu, chukua ramani. Pilipili manga ya Malabar, pwani ya India, ilivuka Bahari ya Hindi, ikapanda Bahari ya Shamu, ikafika Cairo na Alexandria. Nyingine ilipitia Ghuba hadi Syria, ikatokea Beirut. Hapo ndipo meli za Venice ziliipakia. Misri na Syria zilikuwa za Wamamluk, watawala wengine Waislamu wenye makao Cairo, hadi Waosmani walipozitwaa 1516 na 1517. Mwaka 1453 sultani wa Istanbul hakuwa na mamlaka Alexandria hata kidogo, kwa hiyo hakuwa na njia ya kufunga. Venice yenyewe ilifunga mkataba na Mehmed 1454 na biashara ikaendelea.

Na Wareno? Waliteka Ceuta 1415. Gil Eanes aliipita rasi ya Bojador 1434. Miaka ya 1440 walikuwa tayari wananunua watu na dhahabu pwani ya Afrika Magharibi. Yote hayo mji ukiwa bado wa Constantine na ndugu zake. Walikuwa wanatafuta dhahabu ya Afrika, washirika Wakristo, na baadaye ndiyo wakataka kuwakwepa Venice na Cairo. Da Gama alipofika kwetu 1498 alikuwa anamalizia mradi ulioanza kabla Mehmed hajazaliwa.

Hali kadhalika ile ya wasomi kukimbilia Italia na vitabu na kuanzisha Mwamko wa Ulaya (Renaissance). Manuel Chrysoloras alianza kufundisha Kigiriki Florence 1397. Petrarch, mshairi wa Italia anayehesabiwa kati ya waanzilishi wa Mwamko, alikufa 1374. Ila hapa kuna chembe ya ukweli: Kardinali Bessarion, Mgiriki aliyekwisha hamia Italia, baada ya habari za 1453 alianza kukusanya maandiko ya Kigiriki kwa bidii ya mtu anayeokoa vyombo nyumba ikiungua. Mwaka 1468 akaikabidhi Venice mkusanyo wote, na ndio msingi wa Maktaba ya Marciana. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika kwamba 1453 ilisaidia maandiko kuokolewa, mpe alama. Akiandika kwamba ilianzisha Mwamko, msahihishe.

Athari ya biashara iliyo ya kweli iko upande mwingine kabisa: Bahari Nyeusi. Wagenoa walikuwa na bandari Caffa, Crimea, na shehena yao kubwa moja ilikuwa watumwa waliopelekwa Misri na Italia. Caffa ikaanguka 1475, na hatua kwa hatua bahari ile ikawa ya Waosmani, imefungwa kwa meli za kigeni hadi mkataba wa Küçük Kaynarca wa 1774 ulipoifungulia Urusi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba kukauka kwa soko lile la watumwa kuliwasukuma wanunuzi wa Ulaya kuangalia zaidi Afrika Magharibi. Hilo ndilo ningependa wanafunzi wetu walijadili, kuliko pilipili.

Bahari Kuu

Nakazia hilo la Bosporus. Aliyeshika mji ule ameshika mlango wa Bahari Nyeusi, na ndiyo sababu Rumeli Hisarı ilijengwa kwanza, kabla ya mzinga wowote kufyatuliwa. Novemba 1452 meli ya Antonio Rizzo wa Venice ilikataa kusimama, ikazamishwa, na nahodha akauawa kwa kuchomekwa kwenye mti. Baadaye Urusi nayo imehangaika karne nyingi na mlango huo. Gallipoli 1915 ilikuwa juu ya mlango huo, walianzia Dardanelles ili wafike Istanbul.

Na sheria ya leo ni Mkataba wa Montreux wa 1936. Februari 2022 Uturuki iliutumia kuzuia meli za kivita za Urusi na Ukraine kupita, isipokuwa zinazorudi kwenye kambi zao. Julai mwaka huo makubaliano ya kuruhusu nafaka ya Ukraine yalisainiwa Istanbul, na meli zilikaguliwa pale. Meli ya kwanza ya Shirika la Mpango wa Chakula ilibeba ngano ya Ethiopia, ikapitia Djibouti. Sisi tulioona bei ya unga wa ngano ikipanda Mombasa na Dar mwaka ule tulikuwa tunaguswa na mlango ule ule.

Mwana wa Riruta

Habari zenu. Mimi ni Mworthodoksi kutoka Nairobi, na nashukuru mleta uzi kugusia makanisa yetu. Niongeze kwa sababu wengi hawajui.

Waorthodoksi wa Kenya na Uganda hawakuletwa na wamisionari wa kikoloni. Waliutafuta Uorthodoksi wenyewe. Kule Uganda alikuwa Reuben Spartas. Kwetu lilitokana na harakati za Wakikuyu waliojitenga na misheni wakawa na shule zao huru. Mwaka 1946 tukapokelewa rasmi chini ya Patriarki wa Alexandria. Tumekaa hivyo vizazi.

Sasa fuata mnyororo huu. Mehmed alikiacha kiti cha Patriarki wa Constantinople kiendelee, akakipa mamlaka juu ya Waorthodoksi wa dola yake. Huku Moscow ilikuwa imejichagulia askofu wake mkuu 1448 bila kibali, ikikasirishwa na muungano na Roma uliotiwa saini Florence 1439. Mji ulipoanguka, Warusi wakasema Mungu ameadhibu. Ivan wa Tatu akamwoa Sophia Palaiologina, mpwa wa kaisari wa mwisho, 1472. Baadaye mtawa Philotheus wa Pskov akaandika kwamba Roma mbili (Roma yenyewe na Constantinople) zimeanguka, ya tatu (Moscow) imesimama, na ya nne haitakuwepo. 1589 Moscow ikapata patriarki wake.

Vidonda hivyo havikupona. Patriarki Bartholomew, akiwa pale pale mtaa wa Fener mjini Istanbul, aliipa Kanisa la Ukraine uhuru wake Januari 2019. Moscow ilikuwa imeshavunja ushirika naye Oktoba 2018. Patriarki wetu wa Alexandria akalitambua Kanisa la Ukraine Novemba 2019. Desemba 2021 Moscow ikajibu kwa kuanzisha jimbo lake la Afrika nzima na kuwachukua mapadri zaidi ya mia moja waliokuwa chini ya Alexandria. Wengi wao ni wa Kenya. Kuna vijiji ambako leo waumini waliobatizwa kwenye kisima kimoja hawapokei tena komunyo pamoja. Ukiwauliza wazee kisa ni nini, watakutajia Kyiv na Moscow, miji ambayo hawajawahi kuiona.

Kwetu hili si somo la kale. Ni Jumapili.

Binti Kilwa

Mwana wa Riruta, umenifundisha. Hilo sikulijua na linahuzunisha kweli.

Niulize: ule mji wa dini nyingi alioujenga Mehmed uko wapi sasa? Nilisoma kwamba Wagiriki wa Istanbul ni wachache mno.

Mzee wa Nyaraka

Swali zuri, na jibu lake linashangaza wanaodhani 1453 ndiyo iliyowamaliza Wagiriki wa pale. Waliishi ndani ya Istanbul karibu miaka 500 baada ya kutekwa. Wayahudi waliofukuzwa Hispania 1492 walipokelewa huko na Bayezid wa Pili, na mwaka uliofuata walikuwa wanachapisha vitabu vya Kiebrania mjini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wagiriki, Waarmenia na Wayahudi walikuwa bado sehemu kubwa ya wakazi.

Kilichowaondoa ni fikra ya taifa moja la watu wa aina moja, na ilitoka pande zote mbili. Ugiriki iliota kuurudisha mji hadi jeshi lake liliposambaratishwa Anatolia 1922. Mwaka 1923 zikabadilishana raia kwa misingi ya dini. Wagiriki wa Istanbul wakaachwa wabaki, na Oktoba mwaka huo mji mkuu ukahamia Ankara. Kisha ikaja kodi ya mali ya 1942 iliyowakamua wasio Waislamu, ghasia za Septemba 1955 zilizovunja maduka na makanisa yao, na amri ya 1964 ya kuwaondoa wenye uraia wa Ugiriki. Leo wamebaki elfu chache. Chuo cha teolojia cha Halki kimefungwa tangu 1971, kwa hiyo hata patriarki anapata shida ya mahali pa kulea mapadri.

Hagia Sophia imepita njia hiyo hiyo: kanisa, msikiti tangu 1453, makumbusho kwa uamuzi wa 1934, na Julai 2020 msikiti tena. Mahakama iliyotengua uamuzi wa 1934 ilitumia hoja ya kisheria kwamba jengo ni mali ya wakfu wa Mehmed, na wakfu hauwezi kutumiwa kinyume na masharti ya aliyeuweka. Yaani hati ya sultani wa karne ya 15 ilikuwa na nguvu mbele ya majaji wa karne ya 21.

Na kwa upande wa 1204 pia hesabu bado zinafungwa. Papa John Paul wa Pili aliomba msamaha kwa Waorthodoksi akiwa Athens 2001, na Novemba 2004 alimrudishia Patriarki Bartholomew masalia ya Gregori wa Nazianzo na Yohane Krisostomo. Farasi wa shaba bado wako Venice.

Mwalimu wa Kidato

Ahsante sana. Ile ya Ceuta 1415 na ramani ya Alexandria naipeleka darasani wiki ijayo. Naomba pia siku moja ufungue uzi wa Waosmani pwani yetu: Amir Ali Bey, nahodha wa Waosmani, kufika hadi Mombasa miaka ya 1580, Wareno kumkamata 1589, na Ngome ya Yesu kuanza kujengwa 1593.

Mzee wa Nyaraka

Huo unakuja mwalimu, na utaanzia Cairo 1517, maana bila kuiteka Cairo Waosmani wasingekuwa na merikebu Bahari ya Shamu. Mwenye picha za maandishi ya pwani yanayotaja ujio wa Ali Bey, aanze kuziandaa.